Bibi wa Kupimia

Ndugu wananchi, wenye vitu vizima na wenye vitu vibovu, natangaza rasmi kwamba taifa letu liliwahi kuwa na bibi wa kupimia, na bibi mwenyewe ni mimi. Kama hamkuniona, ni kwa sababu vipimo vya taifa havirandi ovyo mitaani. Nilikuwa nikihifadhiwa katika chumba cha vipimo cha Idara ya Mzunguko wa Vitu, kati ya jiwe la kilo na rula ya chuma ya mita moja. Jiwe la kilo lilikuwa na kifuniko cha kioo. Mimi nilipewa kiti.

Nitaeleza polepole. Mimi si mtu wa haraka, na mambo ya serikali ukiyaeleza haraka yanaonekana kama hayana akili.

Serikali iliona takataka zimezidi. Feni, redio, mabirika ya umeme, vyote vinakufa vikiwa bado vibichi. Ikaamua viwanda vitengeneze vitu vinavyofunguka na kutengenezeka, na kitu kikishindikana kabisa kiyeyushwe kizaliwe upya. Wazo zuri sana. Mimi nimelitekeleza tangu usichana wangu, ila sikujua linaitwa sera. Nilidhani ni umaskini.

Wataalamu wakaenda kukaa kwenye hoteli yenye zulia nene ili waandike kanuni. Wakafika pale penye kusema kwamba bidhaa ifunguliwe na mtumiaji wa kawaida. Mmoja akauliza, huyo wa kawaida ndiyo nani? Wakabishana mpaka chai ikafanya ngozi juu. Mkurugenzi wa Idara, ambaye tumbo lilikuwa likimnguruma, akasema, "Jamani, tusizungushane. Ifunguke hata mikononi mwa bibi, basi, twende tukale."

Karani wa kikao huandika kila kinachotoka kinywani mwa mkubwa, hata kikohozi. Akaandika. Kanuni zikapigwa chapa, na humo mkawa na kifungu kinachosema: "Bidhaa itahesabiwa kuwa inatengenezeka endapo itafunguka mikononi mwa bibi." Na sheria ikishapigwa chapa, hakuna anayeiuliza kama aliyeitunga alikuwa ameshiba.

Sasa bibi yuko wapi? Mabibi wamejaa kila mtaa, lakini wa serikali hakukuwa na hata mmoja.

Siku walipoanza kumtafuta, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Idara, lile la ubao, lenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilikuwa nimefuata habari za pasi.

Mke wa mwanangu anafua na kupiga pasi nguo za watu. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha, yeye, watoto wake na mimi, maana mwanangu alikwenda kutafuta maisha na inaonekana bado hajayaona. Pasi yake ni ya zamani, nzito kama deni la mazishi. Waya si ule iliyozaliwa nao. Plagi tumeitoa kwenye redio ya marehemu mume wangu. Mshikio ni wa mti, aliuchonga fundi wa mtaani kwetu, na umelainika kwa mkono mpaka unang'aa. Ukitaka kuifungua unachukua ncha ya kisu, unazungusha skrubu ya huku na ya kule, tumbo lote hilo hapo. Haina siri.

Kanuni mpya zilisema hivi: siku Idara itakapotoa muhuri kwa pasi ya kwanza inayotengenezeka, pasi zote zisizo na muhuri zitakusanywa kwa lori zikayeyushwe. Yaani, kwa kulinda ufundi, kila kilichopita kwa fundi kichukuliwe. Nikaenda kuuliza kama ya mkwe wangu inaweza kusamehewa.

"Bibi, pasi yako ina muhuri?" akaniuliza afisa, kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni.

"Haina, mwanangu. Ina mshikio wa mti."

"Kama haina muhuri, haitengenezeki."

"Mbona imetengenezwa mara nyingi tu?"

"Ndiyo shida yenyewe, bibi. Kitu kizuri hakitengenezwi mara nyingi."

Hekima ikiwa nzito hivyo lazima uiache itulie kwanza. Nikiwa naingoja itulie, naye akanitazama. Akanitazama tena. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, umesoma mpaka wapi?"

"Shule ya msingi."

"Ufundi wowote umesomea?"

"Sikusomea."

"Macho?"

"Ya mbali naona, ya karibu nakisia."

"Wajukuu unao?"

"Sukari haikai ndani."

Akaruka kutoka kitini, akatoka ukumbini anapiga kelele, "Mkuu! Mkuu! Tumempata wa kawaida!"

Hivyo ndivyo nilivyoingia serikalini, bila usaili na bila kujuana na mtu. Mkurugenzi alitia sahihi barua ya kuniandikisha kama kifaa, nikabandikwa stika yenye namba mgongoni mwa gauni, kama meza. Nikasomewa masharti. Kipimo hakitakiwi kubadilika, kwa hiyo kipimo kisijifunze kitu. Nyumbani nisifungue kopo, chupa, wala kifuniko cha mafuta ya kujipaka, nisije nikapata uzoefu. Bibi mwenye uzoefu si wa kawaida, na nchi itakuwa haina pa kushika.

Nikamweleza mkwe wangu jioni hiyo, akiwa ameinama juu ya shati la mtu. Akaisimamisha pasi wima, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Mama! Yaani wewe ndiyo umekuwa rula?"

"Adabu, mkwe wangu. Unaongea na kipimo."

"Haya, kipimo, nifungulie hilo kopo la wanga."

"Siruhusiwi."

"Makubwa!" Akalifungua mwenyewe. Kisha kicheko kikamwisha, akaanza kuifuta pasi na kitambaa, polepole, kama anamfuta mtoto pua. "Lakini mama, utawaambia waniachie hii? Ile mpya sina uwezo nayo. Na hata nikiwa nao, ikifa je? Nitapigia watu nguo kwa kiganja?"

Nikamwambia atulie, serikali sasa ina bibi. Yeye akaniambia serikali ilikuwa na mabwana siku zote, na hatukuona kitu.

Kazi ikaanza. Iliundwa kamati ya kuchagua zana zinazopatikana katika nyumba ya kawaida. Ikasafiri, ikakaa, ikarudi imenenepa kidogo, na ripoti inayosema: kisu cha mezani, kijiko na bisibisi moja. Ninaletewa kitu juu ya kitambaa cheupe, wataalamu wananizunguka wamekunja mikono vifuani, na mimi nafungua. Nilifungua tochi, wakapiga makofi. Nilifungua redio, wakaandika. Feni ilifunguka nusu, nikasema imefunguka nusu. Wenye kiwanda wakalalamika kwamba nusu ni kama nzima, na mabishano yakawa makubwa mpaka Mkurugenzi akapandisha sauti: "Neno la bibi ni la mwisho! Halikatiwi rufaa na yeyote, hata na mimi!" Magazeti yakamsifu kwa msimamo. Naye akakipenda kile kichwa cha habari, akakiingiza kwenye kanuni.

Ndipo ikaja Pasi ya Kijani.

Aliileta mwenye kiwanda mwenyewe, mtu ambaye manukato yake huingia ofisini kabla yake na kuketi kabla hajakaribishwa. Alikuwa amesoma darasa moja na Mkurugenzi. Wakikutana hupigana migongoni kama wanatoa vumbi magodoro. Boksi la pasi lilikuwa na picha ya jani, na mishale iliyokuwa ikifukuzana kwa duara kama mbwa na mkia wake. Na vyombo vya habari vilikwisha kuambiwa kwamba hiyo ndiyo itakayopata muhuri wa kwanza.

Nikaigeuza. Nikaona skrubu zake zina vitundu vya pembe tatu, zimezamishwa ndani ya vishimo virefu, na juu yake imemiminwa gundi. Nikajaribu kisu, kikapinda. Nikajaribu kijiko, kikanitazama tu. Bisibisi ikazunguka peke yake kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Nikaiweka chini, nikafuta mikono, nikatoa kipimo.

"Haifunguki."

Nikaitwa kwa Mkurugenzi. Akanikaribisha kwa upole ambao huwa naukuta kwa madaktari wenye habari mbaya.

"Bibi, umelala vizuri jana?"

"Nimelala vizuri, mwanangu."

"Huna kitu kinachokusumbua? Mgongo? Mawazo?"

"Vipo, lakini havikuingia kwenye pasi."

"Unajua, bibi, hii pasi inafunguka sana. Inafunguka kidhana."

"Kisu hakikuipata hiyo dhana, baba."

Akatabasamu kwa upande mmoja. Kesho yake nikapelekwa kusawazishwa. Mhandisi aliniminyisha springi ya chuma ili ajue nguvu ya kiganja. Muuguzi akanipima presha akaniambia ni nzuri kuliko ya Mkurugenzi, jambo lililoandikwa kama kasoro. Ripoti ikatoka: kipimo kimechakaa.

Kwa kuwa neno la bibi halikatiwi rufaa, haikuwezekana kubadilisha neno. Ikabidi wabadilishe bibi. Na kwa kuwa ile ni Idara ya Mzunguko, ambako hakitupwi kitu, mimi nami nikapangiwa matumizi mbadala. Mlango wa ukumbi mkubwa ulikuwa umekufa bawaba, unajifunga wenyewe kila mtu anapopita. Bawaba mpya ilikuwa inasubiri kibali cha kutengenezwa. Nikapewa kiti, nikawekwa pale kuuzuia. Sikulalamika. Wapo wasomi wengi ambao kazi yao ni hiyo hiyo na hawajui.

Bibi mpya akawa mama mzazi wa Mkurugenzi.

"Nani wa kawaida kuliko mama yangu?" aliuliza kikaoni, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Siku ya kutoa muhuri ikafika. Ukumbi ulijaa viti vilivyovishwa vitambaa. Mheshimiwa mgeni rasmi alikuwa njiani, na alikuwa njiani kwa asubuhi nzima. Nje lori lilikuwa limewashwa kabisa, linatetema, limeanza na mtaa wetu. Watu walikuwa wameamriwa waje na pasi zao ili muhuri ukigonga tu, safari ianze, na wengi walikwisha kuzipakia. Mkwe wangu alikuwa bado karibu na mlango, amekumbatia pasi aliyoifunga kwa taulo. Kila mtu akimsukuma anaihamishia bega la pili.

Mama wa Mkurugenzi alifika mapema, mama mmoja mfupi, msafi, mkoba mkononi, gauni jipya ambalo bado lina mistari ya kukunjwa dukani. Akaja kukaa nami mlangoni, maana wakubwa walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake.

"Mwenzangu, wewe ndiyo uliyekuwepo kabla yangu?"

"Ndiyo mimi. Karibu kazini."

"Ahsante. Mwanangu kaniambia kazi yenyewe rahisi. Nikifika pale nabonyeza huku, inafunguka, nacheka, nakaa."

"Mtoto mwema huyo, kakurahisishia."

"Ana huruma tangu mdogo. Ila uongo uongo kidogo." Akasema hivyo kama mtu anayetaja rangi ya macho. Kisha akaniinamia. "Lakini hiyo pasi waliyoniwekea pale mezani, umeiona? Nimeishika. Inacheza kama jino la mtoto! Kitako kinataka kudondoka. Skrubu hakuna hata moja. Sasa mimi nitasimama mbele ya mgeni na kitu kibovu kama kile, si nitamwaibisha mwanangu?"

Nikamtazama. Nikautazama mlango.

"Mwenzangu," nikamwambia, "mimi siku hizi ni kizuizi cha mlango. Sina maoni."

Akaguna. Akainuka, akapangusa gauni, akaenda mbele ambako maboksi ya Pasi ya Kijani yalikuwa yamepangwa kama ukuta, zawadi za waheshimiwa. Niliona anafunua moja, anatia mkono, anafunika. Wakubwa hawakugeuka. Mama wa mkubwa akiwa anapangapanga vitu, watu hudhani anapamba.

Mheshimiwa akaingia. Tukasimama, tukakaa. Mkurugenzi akahutubia kuhusu mduara, kwamba mduara hauna mwanzo wala mwisho, na hotuba ikawa ushahidi. Mwenye kiwanda aliketi mstari wa mbele, manukato yake yamekaa viti viwili. Muhuri ulikuwa kwenye sinia. Kisha mama akaitwa, kamera zikamsogelea.

"Mama," akasema Mkurugenzi kwa sauti ya kipaza, "wewe ni mtumiaji wa kawaida. Tufungulie."

Mama akabonyeza. Akabonyeza tena. Akachukua kisu, akatia ncha, kisu kikapinda. Akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio.

"Bonyeza kwa chini, mama," akanong'ona Mkurugenzi, akasahau kwamba kipaza kiko mdomoni.

"Nabonyeza, baba."

"Pale nilipokuonyesha!"

"Pale uliponionyesha ni kwenye ile nyingine."

"Ipi nyingine?"

"Ile uliyonilegezea." Mama aliinua sauti, maana alimwona mwanawe amechanganyikiwa akataka kumtuliza. "Nimeirudisha kwenye boksi, usiwe na wasiwasi! Ilikuwa mbovu, haina skrubu, haina gundi, inacheza. Nikaona aibu kwa wageni. Nimekuchukulia nzima, hii hapa. Ila hii, mwanangu, nisikudanganye, haifunguki."

Nje tukalisikia lori likikohoa. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, na kicheko cha pua kikianza ndani ya ukumbi wa serikali hakuna wa kukizuia.

"Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi, jasho linamtiririka kwenye kola, "kipimo hakikuwa kimeandaliwa ipasavyo. Naomba tupime upya."

Mheshimiwa alikuwa ameona kamera, na mwanasiasa akiona kamera hugundua haraka nani anazama ili asogee mbali. Akamwita mwanasheria wa Idara, ambaye ilibidi jirani yake amwamshe.

"Neno la bibi linaweza kupingwa?"

"Haliwezi, Mheshimiwa. Kifungu alikiweka Mkurugenzi mwenyewe."

"Basi muhuri hautoki. Na muhuri usipotoka, lile lori linangoja nini?"

"Halina cha kungoja, Mheshimiwa."

Kelele zilizopigwa hapo sijapata kuzisikia hata harusini. Watu wakakimbilia lori kudai vyao, na dereva akazima injini akaanza kugawa mwenyewe. Mkwe wangu alibaki palepale, akaifungua taulo, akaitazama pasi yake kama anaikagua isije ikawa imebadilika kwa woga. "Mama," akaniambia, "njoo twende, kuna mashati ya watu yananingoja." Lakini mimi nilikuwa kazini. Nikamwambia aningoje, mlango bado unahitajika.

Maana Mheshimiwa alikuwa hajamaliza.

"Kanuni zinasema nini juu ya kitu kilichoshindwa kipimo mbele ya umma?"

Mwanasheria akapekua, akasoma kwa sauti ya mtu ambaye naye ndiyo kwanza anaisikia: "Kitu chochote kitakachoshindwa hadharani kitarudishwa siku hiyo hiyo kwa aliyekitengeneza, naye atakipokea bila malipo."

Wote tukageuka kumtazama mwenye kiwanda. Kiti kilikuwa kitupu. Manukato tu ndiyo yalikuwa bado yamekaa.

Mheshimiwa akageuka taratibu mpaka macho yake yakamfikia Mkurugenzi.

"Na huyu je? Hakushindwa hadharani?"

"Mheshimiwa, mimi ni mtu!" akasema Mkurugenzi.

Mwanasheria akajikuna kidevu. "Kifungu kinasema kitu chochote. Na Idara ilikwisha kuamua kwamba mtu anaweza kuandikishwa kama kifaa. Barua ile alitia sahihi yeye."

"Aliyemtengeneza yupo humu ndani?" akauliza Mheshimiwa.

Hakukuwa na haja ya kumtafuta. Mama alikwisha kuuchukua mkoba wake.

"Yupo," akasema. "Mleteni."

"Mama, mimi ni Mkurugenzi wa Idara!"

"Najua, baba. Chukua koti lako, jioni kuna baridi."

Yule afisa nadhifu, ambaye hawezi kuona kitu kinatoka ofisini bila kukiuliza, akamkimbilia mama na kalamu mkononi.

"Samahani, mama. Kwa ajili ya kumbukumbu, bado ana dhamana?"

Mama akamtazama mwanawe juu mpaka chini, akamfunga kifungo cha kola kilichokuwa kimefunguka.

"Dhamana iliisha alipooa," akasema. "Lakini nitamfungua nione."

Nikawashikilia mlango wakapita.